Kinyozi Amechukua Fomu

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na zamu za wodini hazikukaushi. Sisi huku hatujambo. Mama Pacha anakusalimu, anasema kile kitambaa ulichomtumia kimetoa gauni zima na bado kimebaki. Pacha wanakusalimu kila mmoja kivyake, maana tangu watimize miaka tisa hawataki tena kusalimu kwa pamoja.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mimi na wewe kwenye simu tunakatishana mpaka tunagombana. Kwenye karatasi mtu anasema mpaka mwisho.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimechukua fomu ya udiwani.

Cheka umalize. Mama Pacha naye alicheka, akasema mtu wa kunyoa vichwa sasa anataka kuviongoza. Sina chama. Chama cha Mheshimiwa, diwani wetu, hakinitaki, na vile vingine vilinitaka nivae fulana yao kwanza ndipo waniulize jina. Nitasimama peke yangu.

Ngoja nikueleze kilichonisukuma. Yule mlinzi wa shule ya msingi, mteja wangu wa kila Jumamosi, alifiwa na mkewe mwezi uliopita. Kibali cha mazishi kinataka mhuri wa kata. Mhuri uko kwenye droo, droo ina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa karani, na karani yuko kwenye semina. Siku nne, Dada! Siku nne mtu anakwenda na kurudi kwenye mlango uliofungwa, mkewe yuko kwenye jokofu la hospitali. Siku ya tano akaja nimnyoe kwa ajili ya maziko. Akakaa kwenye kiti akasema, "Fundi, nimechoka kuomba." Nilimnyoa, nikafunga duka.

Nikamfuata Mheshimiwa. Akanipigapiga begani, akasema atalifuatilia. Miaka kumi analifuatilia, sijui limekimbilia wapi.

Mimi siasa kubwa sizijui. Kwangu mimi serikali ni mtu aliyeko kazini saa mbili asubuhi. Basi ilani yangu yote ni hii: ofisi ya kata ifunguliwe saa mbili kila siku ya kazi, mihuri iwe miwili, na funguo ziwe kwa watu wawili. Imeenea kwenye kipande cha boksi la sabuni.

Wewe ndiye uliyenilea nikawa mtu. Nilitaka usikie kwangu kwanza. Nipe baraka zako.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi mzima, goti nalo lilikuwa zima mpaka nilipofika pale ulipoandika fomu. Sikucheka.

Baba alikuwa diwani miaka tisa. Wewe unakumbuka pikipiki yake na jinsi watu walivyokubeba mabegani. Mimi nakumbuka sebule. Katika nyumba hiyohiyo unayolala leo, watu walijaa tangu asubuhi, kila mmoja na lake, na Mama anapika sufuria kubwa kwa watu ambao majina yao hayajui.

Siku aliyokufa Mama, wewe ulikuwa na miaka sita, tulikupeleka kwa jirani. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Baba alikuwa sebuleni anasuluhisha ugomvi wa mpaka, mama mmoja mshonaji na shemeji yake, uzio umesogezwa hatua mbili. Mama, akiwa mgonjwa chumbani, alimwita mara tatu. Nikaenda kumwambia. Akasema, "Namalizia hapa." Mlango ulikuwa wazi, namwona mgongo wake. Alipomaliza yeye, Mama naye alikuwa amemaliza.

Sijawahi kukueleza hili. Nilitaka uwe na baba mzuri wa kumkumbuka.

Wewe una mke na watoto wawili. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgombea asiye na chama ndiye anayefungwa kamba zote. Irudishe hiyo fomu ikiwa tupu. Ukiijaza, usiniandikie tena. Sina nguvu za kusoma habari za sebule ya pili.

Dada yako


28 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umenikataza. Lakini nakujua pia: utaisoma kwanza, ndipo uichane.

Barua yako niliisoma dukani, mlango nimeufunga, mara mbili. Habari ya Mama sikuijua. Pole, Dada. Pole ya miaka yote hiyo. Nilikaa kwenye kiti changu cha wateja, nikajiona mjinga kwa kila mara nilipomsifia Baba mbele yako, na wewe ukanyamaza.

Hata hivyo nimeijaza. Wadhamini walikwisha saini, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ila nimeweka sheria: mtu mwenye shida ya kata haingii nyumbani kwangu. Aje dukani. Sebule ni ya Mama Pacha, na anayebisha akabishane naye, Mungu amsaidie.

Mambo yanakwenda vizuri mno. Kila anayekaa kwenye kiti namuuliza, "Je, utanipa kura?" Nina daftari nyuma ya kioo, kila anayekubali namchorea mstari. Wamefika mia mbili kumi na nne. Aliyekataa ni mmoja tu, yule mwenye kipara anayekuja kusoma gazeti la bure.

Najua hutajibu. Nakushukuru tu kwamba umeniambia ukweli.

Mdogo wako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Simu yangu hupokei, na mtu wa posta sasa akinikuta mlangoni anatikisa kichwa kabla sijamuuliza.

Sisi wazima. Mistari imefika mia sita kumi na moja. Nikiendelea hivi, Mheshimiwa atabaki na kura yake na ya mkewe, na mkewe mwenyewe sina uhakika.

Sikufichi lolote. Sheria ya sebule nimeishika, hakuna aliyeingia. Lakini mimi ndiye ninayetoka. Kikao cha wazazi shuleni nilikikosa. Chakula cha mchana nyumbani sijala sijui wiki ya ngapi. Mama Pacha hasemi kitu, na wewe unajua yeye akinyamaza si kwamba amekosa maneno.

Niandikie hata matusi.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile barua ambayo sikuijibu. Mimi mzima. Niliapa, na kiapo changu kimedumu karibu miezi miwili. Nimekivunja kwa sababu mbili. Ya kwanza, wifi yangu ameniandikia. Ya pili ni hesabu yako. Nimejaribu kuivumilia, imenishinda.

Hebu niambie, mtoto wa mama yangu: unapomuuliza mtu kama atakupa kura, yeye yuko wapi? Yuko kwenye kiti, kichwa umekiinamisha, shingo iko wazi. Na wewe umeshika nini? Wembe! Nani mwenye akili timamu atamnyima kura mtu aliyemwekea wembe shingoni? Hata Mheshimiwa akikaa hapo atakupa kura yake na bendera ya chama juu. Mia sita kumi na moja! Nimecheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo. Yule mwenye kipara ndiye mtu pekee katika kata nzima aliyekuambia ukweli, kwa sababu huna cha kumnyoa.

Mimi ni mkunga. Miaka thelathini na tano naahidiwa majina. Uchungu ukikolea, mwanamke ananikamata mkono, "Nesi, akiwa msichana nampa jina lako, naapa!" Kwa hesabu kama yako, nusu ya wasichana wa mji huu wangeitwa mimi. Nawajua wawili, na mmoja alibadilisha alipoanza shule.

Ukitaka ukweli, weka wembe chini. Ukae wewe, asimame yeye. Kinyozi hajinyoi, bwana, mwachie mwingine akuambie kichwa chako kilivyo.

Na wifi yangu hakulalamika. Ameandika nusu ukurasa. Amesema watoto wamezoea kula bila wewe, siku hizi hata kiti chako hawakuachii, wanawekea mabegi ya shule. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Usidhani nimekubali. Nimekuandikia kwa sababu sitaki uaibike.

Dada yako


30 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Sijawahi kufurahia kutukanwa kama nilivyofurahia barua yako. Niliisoma nikacheka, halafu nikaangalia daftari langu nikaacha kucheka.

Nimefanya ulivyosema. Nikimaliza kumnyoa mtu, naweka wembe kwenye maji, nampa kioo ajitazame, halafu nakaa mimi kwenye kiti na yeye anasimama. Wa kwanza walidhani nimeugua. Lakini Dada, mtu akisimama mbele yako umekaa, ulimi wake unafunguka! Katika sitini wa mwanzo, waliosema ndiyo ni kumi na tisa. Mwenye bucha kaniambia, "Kura sikupi. Ukishinda nani atatunyoa?" Fundi cherehani wa pale kona kasema, "Saa mbili ni sawa, lakini karani anatusemesha kana kwamba tumemwibia. Akitutukana saa mbili badala ya saa tano tumepata nini?" Nimeongeza hilo kwenye ilani, na yeye fundi cherehani amekubali kuwa wakala wangu wa kulinda kura.

Mbele ya mlinzi pia nilikaa. Akasema, "Usigombee kwa ajili yangu. Wangu ameshazikwa. Gombea kwa ajili ya atakayefiwa kesho."

Mistari yote ya zamani nimeifuta.

Jumapili nikamwomba Mama Pacha aje dukani, nikakaa, nikamwambia asimame aseme. Alicheka kwanza, akanifunga taulo shingoni kama mteja. Halafu akasema kwa saa nzima. Hanipingi kugombea, na alisaini fomu kabla ya mtu mwingine yeyote. "Ila sikuolewa ili niwe mjane wa mtu aliye hai," akasema. Akafungua taulo akalikung'uta, akaondoka zake kuwapikia watoto.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nakumbuka uliyoniandikia kuhusu Mama. Nadhani ninafanana na Baba kuliko nilivyotaka.

Siku ya mwisho ya kujitoa ni tarehe 14 Juni. Wewe ndiye uliyenilea. Ukisema nijitoe, nitajitoa, na sitanung'unika. Niambie.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika haraka ili barua ikuwahi. Mimi mzima, wodi imejaa, leo wamezaliwa saba na wote wanapiga kelele kama wagombea.

Unaniuliza, na mimi siwezi kukujibu kwa haki mpaka nikueleze nusu niliyoificha. Nilikueleza mlango wa Mama. Sikukueleza yaliyofuata.

Baba alipokufa mwaka mmoja baadaye, sisi wawili hatukuwa na mtu. Ndugu walikuja wakala msibani wakaondoka. Unadhani tulikula nini? Unga ulikuwa unaletwa. Aliyekuwa anauleta ni yule mama mshonaji wa ugomvi wa mpaka. Ndiyo, yuleyule. Ndiye aliyekaa na wewe miaka miwili nilipokwenda chuo cha ukunga. Wewe ulimwita Bibi na ukamlilia alipokufa, na mimi sikukwambia alikuwa nani, kwa sababu nilikuwa namchukia. Nilikula unga wake nikimchukia. Kila kijiko, Mdogo wangu, na yeye alijua, na kesho yake akaleta tena.

Na Mzee Mkasi, aliyekufundisha kunyoa na kukuachia duka, hakukuchukua kwa uzuri wa uso wako. Kibanda chake kilitaka kuvunjwa, na Baba alikwenda na kurudi ofisini mpaka kikabaki. Baba alipokufa, mzee alikuja akasema, "Huyu mtoto nipe mimi." Wembe unaoushika umeupata kwa sababu ya ile sebule.

Basi nisimameje? Baba hakuja Mama alipomwita. Hilo sitalisamehe, na sikuombi ulisamehe. Lakini wale watu aliowahudumia ndio waliotulea. Nimezeeka ndipo naweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Sikuwahi kumshukuru yule mama akiwa hai. Namshukuru sasa, kwenye karatasi, kwako, maana nimechelewa.

Usijitoe kwa sababu yangu. Na usigombee kwa sababu yangu. Umri wa kuamuliwa na mimi umepita, una mvi, niliziona kwenye picha. Kaa na mkeo mwamue. Ukiendelea, saa ya chakula funga duka uende nyumbani, hata kama rais amekaa kwenye kiti nusu kichwa hajanyolewa.

Baraka ulizoniomba mwezi wa tatu, hizi hapa.

Dada yako


3 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wote wazima, hilo nalisema kwanza kwa sababu katikati kulikuwa na mtihani.

Tuliamua niendelee. Kila mchana nilifunga duka, na mabegi yameondoka kwenye kiti changu. Jumapili iliyopita watu wakapiga kura. Mheshimiwa amepata mia saba arobaini na mbili. Mimi, mia saba thelathini na moja.

Kumi na moja, Dada. Naweza kuwanyoa watu kumi na mmoja asubuhi moja.

Nikueleze ilivyokuwa. Saa kumi na moja jioni tuko shuleni, kura zinahesabiwa darasani, tunakwenda sambamba, jasho linanitoka. Jirani akaja mbio dirishani: Pacha Mdogo kabanwa na kifua, kapelekwa zahanati, anamwita baba yake. Nikatoka. Sikuaga mtu.

Nimemkuta na kile kifuniko cha hewa usoni, mbavu zinapanda na kushuka, macho yamemtoka. Nikakaa kitandani, akanikamata kidole. Baada ya muda simu ikalia. Fundi cherehani: tumepitwa kwa kura kumi na moja, lakini kuna ishirini na sita zilizowekwa kando kuwa zimeharibika, na nyingine alama imetoka nje ya kisanduku kidogo tu. Kanuni inasema mgombea mwenyewe ndiye aombe zikaguliwe upya, kabla msimamizi hajatia saini. "Njoo! Una nusu saa!"

Shule iko mwendo wa dakika kumi. Mama Pacha alisikia yote. Akasema, "Nenda, mimi nipo. Dawa imeanza kumshika." Na kweli alikuwa anasema kwa moyo mmoja. Nikasimama. Mtoto akafungua macho, akasema ndani ya kile kifuniko, "Baba." Neno hilo tu.

Nikakaa. Nikamwambia fundi cherehani asinisubiri. Alilia kwenye simu, mtu mzima wa watu.

Sitakudanganya, inauma. Mtoto alipotulia akalala nilitoka nje ya zahanati nikalia nimeshika ukuta. Huenda zile kura zilikuwa zangu. Sitajua mpaka naingia kaburini. Najua kwamba ningekwenda ningeweza kushinda, lakini barua hii nisingeweza kukuandikia.

Lakini sikia vituko. Siku ya tatu Mheshimiwa kaja dukani. Kaja mwenyewe, bila wapambe! Akakaa kwenye kiti akaniachia shingo. Nikamwambia, "Mheshimiwa, huogopi?" Akasema, "Fundi, kumi na moja zimeshaniogopesha vya kutosha." Tangu kesho yake ofisi inafunguliwa saa mbili. Mihuri imekuwa miwili. Karani anasema karibu, kwa kuuma meno kidogo, lakini anasema. Mlinzi alipita akasimama mlangoni, akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake kazini.

Watu mia saba thelathini na mmoja, na wembe ulikuwa kwenye maji! Nawashukuru wote. Na wewe nakushukuru kwanza, kwa sebule na kwa unga.

Pacha Mdogo mzima kabisa, jana kampiga mwenzake.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma wodini nimesimama, halafu nikaomba kiti. Muuguzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nina mdogo wangu aligombea udiwani. Akasema pole. Nikamwambia usinipe pole, nipe hongera.

Miaka arobaini na mmoja, kila nikifumba macho naona mgongo kwenye ule mlango, na nangoja mtu ageuke. Wewe umegeuka. Nakushukuru, Mdogo wangu. Nimekulea vizuri, na hilo nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema.

Sasa nikwambie jambo. Tangu nilipohamia huku kikazi sijalala katika nyumba hiyo. Kila ukiniita nasema zamu, zamu. Hazikuwa zamu. Nilikuwa nakutana nawe stendi na hotelini kama mgeni, na wewe kwa adabu yako hukuniuliza.

Nimeomba likizo ya wiki mbili, nimepewa. Nafika Ijumaa ijayo kwa basi la asubuhi. Waambie pacha nitawasalimu kila mmoja kivyake. Na mwambie wifi yangu asinitandikie sebuleni. Nitalala chumba cha Mama.

Dada yako